Asili ya Watu wa Milima ya Taita, na Jinsi Walivyopata Kuwa Kabila Moja



Katika hesabu za mwaka huu mtauona ukurasa wa mchango wa mazishi. Juu ya mchango huo Kamati ilipokea barua kutoka tawi mojawapo, nayo iliuliza neno lisilo la fedha tu. Waliuliza hivi: mtu ambaye babu wa babu yake alitoka Upare wakati wa njaa, akapokewa, akapewa shamba na kuoa huku, je, kizazi chake kihesabiwe kuwa wenyeji kamili, ama kiandikwe katika daftari jingine la wageni? Hazikupita siku nyingi, tawi la pili, ambalo halikuwa na habari ya barua ile, likaleta ombi kwamba nafasi za uongozi wa Chama ziwekwe kwa koo zilizotangulia kufika milimani. Kwa hiyo Kamati ilituagiza sisi tunaotunza vitabu vya Chama tuandike, kwa kadiri tuwezavyo, habari za asili yetu, ili Mkutano Mkuu utakapoyakata mambo haya usiyakate gizani.

Asomaye habari za watu sharti aitazame kwanza nchi yao. Mtu atokaye Mombasa kwa gari moshi hupita mwendo mrefu katika nyika ya miiba na udongo mwekundu, pasipo mto wala kijito, hata akikaribia Voi huona milima imesimama upande wake wa kushoto, na mara nyingi vichwa vyake vimefunikwa na ukungu. Milima hiyo ni makundi matatu. Dawida ndiyo kubwa, na Mbololo huhesabiwa pamoja nayo ingawa imetengwa kwa bonde. Sagalla iko juu ya Voi yenyewe. Kasigau imesimama peke yake upande wa kusini, mbali na wenzake, kama mtu aliyenuna. Kilele cha Vuria hufika mita 2,208 juu ya bahari, na Voi iko yapata mita 600 tu. Upepo utokao Bahari ya Hindi hukutana na milima hii, hupanda na kupoa, nao huacha mvua na ukungu juu, hali chini nchi imekauka. Wataalamu hutuambia kwamba hapa ndipo mwisho wa kaskazini wa safu ya milima ya kale sana ambayo huanza kusini mwa Tanzania na kupita Uluguru, Usambara na Upare. Na kwa kuwa misitu yake ilitengwa kwa muda mrefu kupita kiasi, mna ndege na maua ndani yake yasiyopatikana penginepo ulimwenguni.

Twayaeleza haya kwa sababu moja. Nchi ya namna hii ni kama kisiwa, ila kimezungukwa na ukame badala ya maji. Mvua ikikosa nyikani, watu hupanda. Vita vikitokea nyikani, watu hupanda vilevile. Na wapandapo huwakuta wengine waliopanda kabla yao. Habari zote za asili yetu zimo katika neno hilo la kupanda na kukuta watu.

Je, aliyetangulia ni nani? Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi katika nchi ya Tsavo na Kasigau, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba, wamekuta katika mapango zana za mawe za wawindaji, na baadaye dalili za watu wenye mifugo, na baadaye tena za wafua chuma. Basi milima hii na nyika yake ilikuwa na watu zamani sana, kabla ya mtu yeyote kusema lugha yoyote tunayoisema leo. Wazee wetu nao hawakukaa kimya juu ya jambo hili. Husimulia kwamba walipofika waliwakuta watu walioitwa Wabisha. Ukiuliza, Wabisha walikwenda wapi? wengine hujibu walifukuzwa, wengine hujibu walihama. Lakini tukiwauliza wazee wachache, tena kwa upole na nje ya mkutano, hujibu kwamba wako, ila jina lao ndilo lililokwisha.

Jibu hilo la tatu limepata ushahidi mahali ambapo hatukutazamia, yaani vinywani mwetu wenyewe. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa lugha, Christopher Ehret na Derek Nurse, waliandika juu ya maneno ya Kidawida na Kisagalla, wakaonyesha kwamba ndani ya lugha zetu hizi za Kibantu mna maneno mengi ya asili ya Kikushi, tena yametoka katika lugha mbili mbalimbali za Kikushi ambazo hazisemwi tena na mtu yeyote. Si hivyo tu. Baadhi ya maneno hayo yalikuwa na sauti ngeni, hewa ikipita pembeni mwa ulimi, sauti ambayo Wabantu wengi hawana, lakini Wairaqw wa Mbulu huko Tanzania wanayo hata leo. Wazee waliokuwa hai si zamani sana walikumbuka sauti hizo zikitamkwa. Leo zimelainika, nasi twatamka maneno yale kwa sauti za kawaida pasipo kujua kwamba twatumia mali ya watu wengine.

Na tufikiri kidogo maana yake. Mtu akimfukuza adui hachukui maneno yake, wala sauti za kinywa chake. Maneno ya nyumbani hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Kama sauti ya Kikushi ilidumu milimani karne baada ya karne, ni kwa kuwa palikuwa na mama aliyeitamka jikoni na mtoto aliyemsikiliza. Basi Wabisha, kama ndio hao, hawakwenda mahali. Walioa na kuolewa, wakawa sisi.

Mwaka 2023 ushahidi wa namna nyingine ulitangazwa katika jarida la Nature. Watafiti walipima mifupa ya watu wa kale kutoka miji ya pwani, na pamoja nayo mifupa ya watu waliozikwa Makwasinyi, karibu na Kasigau. Ilionekana kwamba watu wale wa Makwasinyi walikuwa wamechanganyika, upande mmoja Wabantu, na upande mwingine wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki. Yaani mifupa ilisema kama yalivyosema maneno.

Sasa tuje kwa wale waliokuja wakisema Kibantu. Hapa ndipo watoto wetu hupotezwa kidogo na vitabu vya shule, ambavyo huchora mshale mmoja mrefu katika ramani, mshale ukaingia Taita na kazi ikaisha. Lau mambo yangekuwa mepesi hivyo! Kila kichuku, yaani kila ukoo, kina njia yake. Wazee wengi wa Dawida na Sagalla hutaja kilima cha Mangea katika nchi ya Wagiriama, na safari ya kupanda kutoka upande wa pwani. Na kweli Kisagalla kiko karibu na lugha za Wamijikenda kuliko kilivyo Kidawida. Watu wa Kasigau hutazama zaidi kusini, Upare na Usambara. Ziko koo zinazotaja Ukambani, na ziko zinazotaja Uchagani. Wala hawakufika siku moja. Walifika nyumba kwa nyumba na ndugu kwa ndugu, kwa muda wa karne nyingi, na kila waliofika walipaswa kupatana na waliokuwako.

Namna walivyopatana ndiyo habari tuionayo kuwa kubwa kuliko safari zenyewe. Hawakuwa na mfalme. Usambara palikuwa na ufalme wa Wakilindi, na Uchagani walikuwako Wamangi; milimani petu hapakuwa na mtu mmoja wa kuamuru. Kila kichuku kilikuwa na wazee wake, na kila bonde lilikuwa na mapatano yake. Basi ni nini kilichowazuia watu wa asili mbalimbali, katika nchi nyembamba, wasimalizane?

Kwanza ni maji. Katika mabonde ya Dawida mababu walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya vijito hadi mashambani. Mfereji haumjui mtu kwa asili yake. Ukiziba juu, wa chini wote hukosa. Ukibomoka, sharti watoke wote kuujenga. Aliyeshiriki kazi alipata zamu yake ya maji, na asiyeshiriki alikosa. Waswahili walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika milima yetu jembe lile lilikuwa ndiyo hati ya uraia.

Pili ni namna ya kuishika ardhi. Mtu wa mlimani hakutosheka na shamba moja. Alitaka kipande juu penye baridi na ukungu, kipande katikati penye maji kwa ndizi na miwa, na kipande chini penye joto kwa mtama na mawele, pamoja na malisho ya ng'ombe na mbuzi. Mvua ikimpita chini, alikula cha juu. Kwa sababu hiyo mashamba ya watu yalichanganyika, na kila mtu alikuwa na jirani wengi wasio wa kichuku chake, ambao hakuthubutu kuwakosea. Walioana nao, na biashara iliwafanya wengine kula udugu wa damu na watu wa mbali, Wakamba na wengineo. Aliye na ndugu wa damu Upare alikuwa na mahali pa kukimbilia mwaka wa njaa, na ndugu yule naye alikuwa na mahali milimani.

Tatu, nasi twalitaja kwa heshima ingawa tulifundishwa vingine katika shule za misheni, ni ibada ya kutasa. Mzee alitwaa tembo la miwa, au maji, akaweka kinywani, akayapuliza nje pamoja na maneno ya kuondoa hasira iliyo moyoni mwake. Bibi Grace Harris, ambaye alikaa Taita pamoja na mumewe tangu 1950 hadi 1952, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikachapwa 1978. Alieleza kwamba kwa watu wetu hasira iliyofichwa moyoni ilikuwa hatari kubwa: yaweza kumgonjesha mtoto, yaweza kuharibu mavuno, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Kwa hiyo mtu alitakiwa aje mbele ya watu aitoe. Tulipokuwa wanafunzi tuliambiwa kwamba huo ni ushenzi, nasi tulicheka. Leo, tukiisha kukaa miaka katika kamati, twaona kwamba watu wasio na mfalme wala polisi, tena waliotoka pande nyingi, walikuwa na haja kubwa ya kuwa na siku ya kutoa hasira. Hatusemi kwamba ibada ile irudishwe; twasema ilikuwa na kazi, nayo kazi hiyo bado ipo.

Palikuwa pia na fighi, mahali palipotengwa penye dawa za kulinda nchi, aghalabu ndani ya kipande cha msitu ambacho mtu hakuthubutu kukikata. Fighi ilimlinda kila aliyekaa ndani ya mpaka wake, wa zamani na wa jana. Na juu ya yote palikuwa na ngomenyi. Mzee akifa alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu la kichwa likachukuliwa na kuwekwa chini ya mwamba pamoja na mafuvu ya wazee wengine wa kichuku chake. Huko ndiko walikokwenda kuomba mvua ikikosa, au ugonjwa ukiingia nyumbani. Mwenye mafuvu chini ya mwamba alikuwa na mizizi katika nchi hiyo, wala hapakuwa na haja ya kumwuliza maswali zaidi.

Karne ya 19 ilileta majaribu mengi. Misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilipita kando ya milima, ikinunua chakula na kuacha nguo na shanga. Na pamoja na biashara zikaja hila za utumwa, na mashambulio ya Wamasai waliotaka ng'ombe. Johannes Rebmann wa misheni alifika Kasigau mwezi wa Oktoba 1847, na mwaka 1848 alipita Bura katika safari ile ambayo aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka 1883 J. A. Wray alianza misheni Sagalla, na mwaka wa pili yake, 1884, njaa kuu ikaingia.

Juu ya njaa hiyo twataka tukae kidogo, maana ndiyo asili ya barua tuliyoitaja. Mvua zilikosa, mashamba ya chini yakafa, na hata ya juu hayakutosha. Watu walitawanyika. Wengine walishuka Rabai na pwani, wengine walikwenda Taveta, Upare na Uchagani, kwa ndugu wa damu na kwa wakwe. Wengi hawakurudi. Waliorudi walirudi na wake, na watoto waliozaliwa huko, na pengine na rafiki asiye na kwao tena. Kisha sotoka iliwamaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kati ya 1897 na 1900 njaa nyingine ikaja, ikifuatana na ndui, reli ikipita Voi mwaka 1898 katikati ya mauti hayo. Safari hii watu wa nyika na wa nchi za jirani ndio waliopanda kwetu. Yaani katika muda wa miaka 20 hivi, sisi tulikuwa wageni kwa watu, na watu wakawa wageni kwetu. Mwenye kudai kwamba katika nyumba yake hapana damu ya njaa ile, na achunguze upande wa bibi zake pia.

Katika wakati huo wote, mtu akiulizwa wewe u nani, hakujibu, mimi ni Mtaita. Alijibu kwa kichuku chake, au kwa bonde lake, au kwa mlima: Mdawida, Msagalla, Mkasigau. Jina Taita, lililotumiwa na watu wa pwani na misafara kwa milima yote, lilikuwa jina la kuitwa kuliko jina la kujiita. Serikali ya Kiingereza ilipokuja ilizifunga Dawida, Sagalla na Kasigau katika wilaya moja, ikaweka machifu na kodi. Padre wa Kikatoliki walikuwa wamefika Bura mwaka 1892, misheni ya Kianglikana ikaenea Dawida, na vitabu vikaanza kuandikwa. Vijana wa mabonde mbalimbali walikutana darasani, kisha wakakutana tena Mombasa na Nairobi kazini, ambako hakuna aliyejua tofauti ya Mwanda na Chawia. Huko mbali ndiko wengi walikoanza kujiita Wataita.

Lakini kilichowafunga kweli ni mashaka waliyoyapata pamoja. Mwaka 1915, katika vita vya Wajerumani, watu wa Kasigau walishukiwa kwamba wamemsaidia adui. Nyumba zao zilichomwa, nao wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi. Waliosalia walikaa ugenini miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi mlimani kwao. Watu wa Dawida waliopata kuitazama Kasigau kama nchi ya mbali walijifunza siku hizo kwamba linaloweza kumpata Mkasigau laweza kumpata yeyote. Mashamba makubwa ya katani yalikuwa yamekwisha kutwaa ardhi nzuri ya chini, kule Mwatate na Voi, hata ule mpango wa kale wa shamba la juu na shamba la chini ukavunjika. Watu walisongamana juu, udongo ukaanza kuporomoka, na Serikali ikazungumza habari za kuwahamisha baadhi yao.

Ndipo mwaka 1939 ikaundwa Taita Hills Association, akina Woresha Kengo na Jimmy Mwambichi wakiwa mbele. Tukumbuke jambo lililokuwa jipya katika chama hicho. Hakikusema kwa niaba ya kichuku fulani wala bonde fulani; kilidai ardhi kwa niaba ya milima yote. Serikali ilikiona kuwa hatari, ikakipiga marufuku mwezi wa Mei 1940 pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakatiwa kizuizini. Chama kiliishi muda mfupi, lakini jina Mtaita likawa jina la kujiita. Mtu asiyesadiki kwamba kabila laweza kuzaliwa katika mkutano wa watu waliokerwa, na aisome habari hii tena.

Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ilitengwa, nayo imekuwa sehemu kubwa kuliko nusu ya Kaunti ya Taita Taveta. Ndovu hawajui mpaka, mashamba yamekuwa vipande vidogo, na misitu ya juu imebaki mabaki tu, Ngangao, Mbololo, Chawia na mingine midogo. Twayataja ili tusiwadharau ndugu walioleta ombi la pili. Hofu yao si ya bure. Mtu aliyebanwa huanza kuwahesabu walio karibu naye, na siku hizi wako watu wanaokuja na karatasi za kununua ardhi ambao hakuna kichuku kinachowajua, wala hawajashika jembe katika mfereji wowote. Kumwogelea mbali mtu wa namna hiyo ni haki ya kila mwenyeji.

Lakini huyo si mtu aliyeandikiwa barua. Aliyeandikiwa barua ni kizazi cha mtu aliyepokewa. Kati ya kununua na kupokewa pana tofauti kubwa, nao wazee wetu waliijua sana. Aliyepokewa alikuwa na mtu wa kumpokea, na mashahidi, na mbuzi aliyechinjwa, na zamu ya maji. Kwa maoni yetu sisi, daftari la pili lisifunguliwe. Badala yake katika daftari lililopo paongezwe nafasi moja ya kuandika kichuku kilichompokea mhusika au babu zake, na wazee wa kichuku hicho watie sahihi. Mwenye kupokewa atakuwa na jina hapo. Na kwa habari ya uongozi kuwekewa koo zilizotangulia, twauliza tu: kama waliotangulia kati ya wale tunaoweza kuwataja ni Wabisha, nani ataitika jina hilo Mkutano Mkuu utakapowaita?

Limebaki jambo la mafuvu, nalo laumiza. Watu walipoingia dini mpya desturi ya ngomenyi iliachwa, na mapango yakabaki pasipo wa kuyatunza. Kabla ya 1931 mafuvu mengi ya wazee wetu yalichukuliwa na L. S. B. Leakey yakapelekwa Uingereza. Mwaka huo Elisabeth Kitson alitangaza vipimo vyake katika jarida la wataalamu, na baadaye W. W. Howells wa Harvard aliyapima tena mafuvu 83 huko Cambridge, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake, akayatia katika kitabu chake cha 1973 juu ya vichwa vya watu wa ulimwengu mzima. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi hutaja neno Teita pasipo kujua liko wapi. Kwao ni safu ya tarakimu. Kila moja la mafuvu yale lilikuwa la mtu aliyekuwa na jina, na kichuku, na mwamba wake. Vipimo vinatuambia urefu na upana wake. Havituambii lilitoka ngomenyi ya nani.

Wanaoweza kutuambia miamba ilikuwa ya koo zipi ni wazee wachache waliosalia, na katika mwaka huu wa hesabu pekee yake tumewazika kadhaa miongoni mwao, kama mtakavyoona katika ukurasa ule wa mchango. Kwa hiyo Kamati inawaomba makatibu wa matawi wote, kabla ya Mkutano Mkuu ujao, wamwendee kila mzee na kila mama mkongwe katika eneo lao na kuandika mambo manne: jina la kichuku, njia waliyopita kufika mlimani kwa kadiri walivyosikia, koo walizozipokea na koo zilizowapokea, na mahali ilipo ngomenyi yao, iwapo wanaridhia itajwe. Yaandikwe kwa Kidawida, Kisagalla au Kikasigau, kama msimulizi mwenyewe anavyosema, wala yasitafsiriwe kwanza. Na neno lolote ambalo mzee hulitamka kwa namna ya kigeni, ulimi ukienda pembeni, katibu aliandike vilevile na kulipigia mstari. Asiyeweza kuandika atume habari ofisini, nasi tutakuja.